Kidole Kimoja Kabla ya Tanuri

Binti mmoja alikuwa fundi wa utando, na si fundi wa kubabaisha. Karakana yao ilitengeneza nyonga bandia za chuma, na kazi yake ilikuwa kuzivalisha utando mwembamba wa rangi ya dhahabu ndani ya tanuri lisilo na hewa, ili chuma kisisagike mwilini mwa mtu kila anapopiga hatua. Miaka tisa alikuwa akiwagombeza wenzake: "Chuma kikishaoshwa, marufuku kukigusa! Mafuta ya kidole yakibaki pale, utando utabanduka."

Sasa sikia alichofanya yeye mwenyewe. Wiki iliyopita aliona jina la mama yake kwenye karatasi ya oda. Tufe dogo la nyonga, la kipimo cha peke yake, maana mama ni mwembamba wa mifupa. Lilipotoka kuoshwa, akavua glavu, akalipapasa kwa kidole gumba na kunong'ona, "Umbebe vizuri." Kisha akaliingiza tanurini pamoja na mengine, kimya. Jamani, mapenzi nayo!

Mkaguzi, ambaye wote walimwita Macho Manne, alilizungusha chini ya hadubini. "Linang'aa kama bibi harusi. Lipelekwe hospitali, upasuaji ni kesho."

Binti akalitazama lile tufe. Angenyamaza, nani angejua? Mama angetembea mwaka, pengine miwili, kisha utando uanze kubanduka na kumkwangua ndani kwa ndani. Angesema, tufe lingetupwa, na jipya lingechukua miezi mitatu. Na mama hakuweza hata kufika bafuni bila kushikwa. Mkoba wa hospitali alishaufunga tangu juzi.

"Lizuie," akasema. "Nililigusa kwa mkono mtupu."

Macho Manne akavua miwani. "Wewe? Wewe unayetupigia kelele sisi?"

"Mimi."

Hakumcheka. Alichukua kalamu nyekundu akaandika kwenye karatasi kwamba tufe halifai.

Jioni binti alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba miguuni. Akamweleza yote bila kujitetea. Mama akamtazama weee, mpaka machozi yakamtoka. "Miezi mitatu, mwanangu! Unajua maumivu haya yalivyo?"

"Najua nimekukosea, mama. Nisamehe."

"Sijakusamehe bado. Niache nikasirike kwanza." Akapangusa uso, akanyoosha mikono yote miwili. "Haya, ninyanyue. Nataka kwenda bafuni, na nyonga hii haitanipeleka yenyewe."

Binti akapiga magoti, akamkumbatia kiunoni, wakainuka pamoja. Kufika bafuni ni hatua kumi na moja. Ya saba ikawashinda, wakasimama. Mama akaegemeza kichwa begani kwa binti yake, akalia tena, na hakumwachia.