Tonge la Mkono Wenye Ganzi

Bwana Demissew wa mji wa Debre Birhan alikuwa jasiri mbele ya kila kitu isipokuwa maumivu. Jumamosi hiyo, kesho yake wakwe wanakuja kumposa binti yake Mihret, aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kilio chake kilisikika hospitali nzima.

"Daktari Hirut, mwanangu," alisihi kabla ya kupasuliwa, "kesho mchana nakula sinia moja na Gelaneh, baba wa mposaji. Miaka tisa hatusemezani, ugomvi wa mtaro wa maji tu! Nikigumia mbele yake, atanitangaza sokoni."

"Sindano ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu hukaa muda wa saa kumi hivi. Nikiichanganya na steroidi kidogo, inaweza kufika hata siku nzima. Lakini baba, mkono wenyewe..."

"Changanya!"

Jamani, mtu huyu na kukata watu kauli!

Jumapili ilipofika, maumivu hakuna. Balaa ni kwamba mkono nao ulikuwa kama haupo. Ulining'inia tu, vidole vimechungulia nje ya bandeji, haviitiki. Na Gelaneh alishaapa: asipolishwa tonge la upatanisho kwa mkono wa Demissew, mwanawe haoi nyumba ile. Mkono wa kulia, bila shaka. Wa kushoto ungekuwa tusi.

"Ulitaka ganzi, si umeipata?" mkewe Aregash alimsuta jikoni. Mihret alikuwa pembeni, machozi yanamlengalenga.

Aregash akambania tonge la mkate wa injera na mchuzi wa kuku katikati ya vidole. "Uinue kwa huo wa kushoto. Na utabasamu!"

Wageni walipoona mkono mmoja umeubeba mwingine, wakanong'ona: heshima iliyoje! Gelaneh akaachama. Lakini kinyongo cha miaka tisa hakimezwi kwa tonge moja. Akafunga meno juu ya dole gumba, kwa nguvu zake zote.

Demissew akatabasamu.

Gelaneh akabana zaidi.

"Kula, ndugu yangu, kula," Demissew akambembeleza. "Bado matonge mawili."

Gelaneh akaachia. Kisha mzee mzima akaangua kilio na kumkumbatia. "Mtaro chukua wote! Mimi ni mtu mbaya, Demissew, nakuuma nawe wanibembeleza!" Akina mama wakapiga vigelegele.

Kwenye kikombe cha tatu cha kahawa, ganzi ikaanza kuisha, dole gumba likawasha. Kisha likawaka moto. Demissew akalitazama: alama za meno, safu mbili. Akamtazama Gelaneh. Gelaneh akainamia kikombe chake.

"Linauma, mkwe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Demissew alivuta pumzi, tayari kuitikisa nyumba. Ndipo akamwona Mihret, anacheka na mchumba wake mlangoni.

"Hata kidogo," alisema, jasho likimtiririka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuumia kimya.