Pumba za Mama Justa

Nyamizi, jirani anayeuza vitumbua mkabala na lango la kiwanda, anasema aliyaona kwa macho yake mawili. Anasema alfajiri ile, kabla mikokoteni haijaanza kupita, alimwona Mama Justa na wanawake wenzake wa mashine ya mpunga wakinyunyizia maji magunia ya pumba ili mizani iwaonee huruma. "Si ndivyo watu wanavyoifanyia pamba?" huuliza, huku akigeuza kitumbua. "Maji kidogo, mchanga kidogo, mizani inainama. Ila pamba haina mdomo. Moto unao, na umewasema."

Vumilia aliisikia habari hiyo akiwa na kitumbua chake mkononi, kabla hajaingia zamu ya boila. Watu walicheka. Kijana mmoja wa bodaboda akasema kuanzia leo yule si Mama Justa tena, ni Mama Maji. Vumilia naye akacheka. Kicheko kilimtoka chepesi, kama cha mtu asiyejua lolote. Kisha akakikunja kitumbua kilichobaki kwenye gazeti, maana katika mji ule ni yeye peke yake aliyejua kwa nini moto ulizikataa pumba.

Boila ya kiwanda ilikuwa kuukuu, kubwa kama nyumba ya chumba kimoja, na mvuke wake ndio uliopika mbegu za pamba kabla ya kukamuliwa mafuta. Tangu ilipofungwa pale ilikuwa ikila kuni. Lakini miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na watu wa misitu walikuwa wameanza kuuliza maswali, hivyo Bwana Eustace, meneja, akaanza kutafuta chakula kingine cha kuilisha. Dizeli, alisema, ni kumpa ng'ombe wali wa harusi. Gesi ni safi, lakini ingetoka mbali kwa lori, na kichomeo chake kikiharibika fundi naye angetoka mbali vilevile. Zikabaki kuni za Mzee Mayala na pumba za kikundi cha Mama Justa. Pumba zilikuwa vilima kwa vilima nyuma ya mashine za mpunga, karibu bure. Ila majivu yake ni mengi, hula vyuma na kuziba mabomba, yanataka mkono usiochoka.

"Tusibishane kwa mdomo," Bwana Eustace akakata shauri. "Wiki moja kuni, wiki moja pumba. Boila yenyewe itachagua."

Boila haichagui. Anayechagua ni aliyeishika.

Mzee Mayala ni baba mkwe wa Vumilia. Tangu Mageni, mumewe, aende kwenye maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, huko Geita na simu yake ianze kutopatikana, mkokoteni wa kuni wa mzee ndio uliowalisha, yeye na binti yake Violeth. Mzee hakumwomba baya lolote. Jioni moja, akinawa mikono mbele ya ugali, alisema tu, "Mkwe wangu, moto uko mkononi mwako. Nasi tunakula kwa moto huo." Kisha akamega tonge.

Kabla ya wiki ya kuni, Vumilia aliiacha boila ipoe, akafungua mlango wa nyuma, akapitisha brashi ya waya katika kila bomba la moshi mpaka yakang'aa. Ilipofika zamu ya pumba, brashi ilibaki imeegemea ukuta. Hakumwaga maji, hakutia mchanga. Hakufanya kitu, na ndiyo maana ilikuwa rahisi. Masizi ya kuni yalikuwa yameganda ndani ya mabomba; majivu ya pumba yakaja kulala juu yake. Joto likakosa njia ya kuyafikia maji, likapotelea kwenye dohani. Mshale wa geji ya mvuke ukasinzia, mashine za kukamua zikasimama, na Bwana Eustace akautazama ule moshi mweusi huku akitikisa kichwa.

Uongo wa ulimi husemwa ukaisha. Huu wa mkono uliotulia haukuisha. Kila alipoiona brashi, aliusikia ukisemwa upya. Aliihamishia nyuma ya mlango. Haikusaidia.

Asubuhi ile ya kicheko haikuwa imekwenda mbali Mama Justa alipotokea mlangoni mwa nyumba ya boila, ungo mikononi. Huyu ndiye aliyemkanda Vumilia kwa maji ya moto alipojifungua Violeth, siku ambazo hakuwa na mama wala dada wa karibu.

"Hodi kwenye moto."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sitakawia. Mwenye jina bovu hakai kwenye nyumba za watu." Akausogeza ungo. "Hizi nimezianika kwenye turubai, nimezipepeta, nimezigeuza kwa mikono yangu. Hebu shika."

Vumilia akatia vidole. Zilikuwa kavu. Hata zile za kwanza zilikuwa kavu hivi hivi.

"Kavu?"

"Kavu, Mama."

"Haya, nieleze wewe unayeshinda na moto. Zile zilikuwa na nini? Nimelitafuta kosa mpaka usingizi umenihama. Mwisho nikasema, labda ni kweli, labda kuna aliyetia maji. Aliyekuwa akilinda magunia ni Limi. Jana nimemtoa kwenye kikundi."

"Limi yule mjane?"

"Aliapa kwa kaburi la mumewe. Nikamwambia hata wauza pamba huapa." Mama Justa akacheka, lakini macho hayakushiriki. "Akajitwika kapu lake akaenda. Hata kunigeukia hakunigeukia."

Vumilia alihisi uso ukimchoma, na mlango wa tanuri ulikuwa umefungwa. Mpaka hapo alikuwa amejiambia kwamba aliyeumia ni rundo la pumba. Sasa rundo lilikuwa na jina, lina kapu kichwani na watoto nyumbani. Akamfikiria mzee Mayala na ugali wake. Akawaza kazi hii, na mahali ambapo Violeth angelala iwapo angefungua kinywa.

"Mama, si maji."

"Ni nini?"

"Mabomba. Kabla ya kuni niliyafagia. Kabla ya pumba zenu sikuyafagia."

Mvuke ulipumua mahali fulani juu yao. Mama Justa akasema kwa sauti ya chini, kama anayemsogezea mgonjwa kigoda, "Ulisahau, mwanangu. Kazi za humu ni nyingi."

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa taratibu. Kusahau ni kosa la kila mtu. Husahau hata wachungaji wa kanisa. Alichotakiwa ni kuinamisha kichwa na kupita.

"Sikusahau," Vumilia akasema.

Ungo ukainama upande mmoja. Pumba chache zikamwagika sakafuni.

"Mkweo ndiye aliyekutuma?"

"Hakunituma mtu."

Mama Justa akainama kuziokota pumba zilizomwagika. Angalau angetukana, Vumilia aliwaza. Tusi lingempa mahali pa kusimama. Akayasikia maneno yake yakitoka kwa haraka, yakikanyagana:

"Zamu yangu inaisha adhuhuri, na boila haiachwi peke yake. Ningoje, Mama. Twende kwa Limi niyaseme mbele yake. Kisha twende kwa Bwana Eustace, kabla hajaandikiana mkataba wa kuni na baba mkwe. Nisindikize. Nikienda peke yangu nitaishia njiani, najijua."

Mama Justa akauweka ungo ubavuni, akatoka. Alivuka uwanja wa kiwanda polepole, akapita magunia ya mbegu. Langoni, mkokoteni wa Mzee Mayala ulikuwa ukiingia, umesheheni magogo, na Mama Justa akajibana pembeni kuwapisha ng'ombe.

"Mwangaluka, Mama Justa!" mzee akamsalimu kwa furaha.

"Mwangaluka, baba," akaitikia, kwa adabu ile ile ya siku zote.

Mkokoteni ukapita. Lango likabaki wazi, barabara nyeupe mbele yake. Mama Justa alisimama pale pale, mkono mmoja kwenye chuma cha lango, mgongo kwa boila, na Vumilia, jicho moja kwenye geji, hakuweza kujua kama alikuwa anangoja vumbi litue au alikuwa anamngoja yeye.