Saa ya Kasorobo na Ulimi wa Dada Yake

Kama saa yako ilisimama na moyo wako ni mwepesi wa kuumia, usingeipeleka kwa Mama Lenzi. Si kwamba kazi hakuijua. Kazi aliijua mpaka yenyewe ikamjua. Tatizo lilikuwa ulimi. Ungemletea saa ya dhahabu uliyopewa na mchumba, naye angeifungua mbele ya macho yako, maana hakuwahi kufungua saa ya mtu nyuma ya mgongo wake, kisha angesema bila hata kuinua kichwa: "Dhahabu hii ikionja jasho mara mbili inarudi kuwa bati. Na huyo mchumba mchunguze." Watu walitoka pale wamenuna. Halafu walirudi, tena na mashangazi zao, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba Mama Lenzi hatii chumvi.

Chumba chake kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya duka la viatu na cherehani tatu za mshona mapazia. Meza ilitazama dirisha. Viti vilikuwa viwili, vyote virefu visivyo na mgongo, vilivyoachwa na baba yake aliyekuwa fundi kabla yake. Kimoja alikalia yeye. Cha pili kilikaliwa na mkoba wake, na mkoba huo ulikuwa umekaa pale miaka miwili.

Sasa, kama ulitaka kumwona anavyowaka, ungemtajia hizi kampuni ndogondogo za saa. Weee! Angeweka kibano chini. "Siku hizi kila mwenye simu ana kampuni ya saa," angesema. "Mashine ananunua kwa gunia. Makasha ananunua kwa gunia. Anabandika jina usoni, anaipiga picha pembeni ya kikombe cha kahawa, haya, lete bei ya pikipiki! Kizuri chajiuza jamani, hicho mbona kinatembezwa?" Watu walicheka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini jambo hilo lilimuuma kuliko lilivyompasa.

Lilimuuma kwa sababu maneno hayo hayo, neno kwa neno, aliwahi kuyasema mezani kwa shangazi yao, mbele ya wajomba na mawifi, akimwambia mdogo wake wa pekee. Mdogo wake huyo wote walimwita Kasorobo tangu utotoni, maana ukimwita saa nane anakufikia saa tisa kasorobo, na anakushangaa ukikasirika. Siku hiyo alikuwa ametoka kuacha kazi yake ya kuuza vigae, amekuja na saa yake ya kwanza ndani ya kiboksi, ameishika kwa mikono miwili. Dada mtu alipomaliza kuongea, Kasorobo alifunika kiboksi chake. Akasema, "Asante, dada." Akaaga. Tangu hapo salamu zilipita kwa watu: mwambie dada nimemsalimia, mwambie na yeye nimezipata. Miaka miwili.

Basi asubuhi moja, mida ya saa nne, akaingia daktari wa meno mwenye kliniki ghorofani ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyezoea kuongea peke yake kwa kuwa wanaomsikiliza huwa wameachama midomo.

"Fundi wangu, leo sikuleta ugonjwa, nimefuata ushauri." Akaweka mezani kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. "Hii saa bei yake ni pikipiki mpya. Nimeazimwa siku tatu niionje. Nikiridhika, naagiza tisa."

"Tisa! Kwani daktari una mikono mingapi?"

"Tumezaliwa tisa kwa mama mmoja. Nataka kila mtu avae yake kabla hatujaanza kuzikana. Mke wangu anasema nimeibiwa akili. Nikamwambia sawa, naipeleka kwa Mama Lenzi. Akisema ni wizi, narudisha. Akisema ni halali, naagiza leo leo." Akavuta pumzi. "Mwenye saa nimemwahidi jibu kabla ya saa kumi. Maskini, ameniambia waziwazi: agizo hili likipita ana kazi ya mwaka mzima. Likikwama, mwisho wa mwezi anafunga karakana, anarudi kuuza vigae."

Mkono wa Mama Lenzi, uliokuwa unafunua kitambaa, ukasimama hapo hapo. Vigae.

Akafunua kilichobaki. Na kweli, usoni mwa saa, kwa herufi ndogo zisizo na majivuno, palikuwa pameandikwa: Kasorobo.

"Unaona ufundi wake?" Daktari alikuwa amenogewa. "Sita ndiyo iko juu, kumi na mbili iko chini. Saa tatu inakuandikia tatu! Maisha yangu yote nimekuwa nikiona tisa nikitamka tatu. Sasa juzi, siku ya kwanza kuivaa, nikaiangalia, nikaona tatu. Mazoea yana taabu, mama. Nikaigeuza kichwani kama nilivyozoea, nikajiambia, lo, kumbe saa tisa hii! Nikafunga kliniki, nikaenda zangu nyumbani kula. Mke wangu ananiuliza, wewe, kikombe cha chai bado kina moto, umefuata nini?"

Mama Lenzi alicheka bila kupenda. Kisha ulimi wake, ambao haukuwahi kungoja ruhusa, ukasema, "Hata hii yangu ya ukutani nikiisogeza saa sita mbele itakusomea hivyo hivyo. Na sitakudai pikipiki."

Lakini jicho lake halikuwa kwenye mzaha. Lilikuwa kwenye namba. Ile tatu ilikuwa na tumbo. Ile nne haikufungwa juu. Namba zile alizijua: baba yake aliziandika kwenye vikaratasi vilivyofungwa kwa uzi kwenye kila saa ya mteja, na yeye na Kasorobo ndio waliokuwa wakifunga huo uzi wakitoka shule. Mtoto yule alikuwa amezipaka moja moja kwa brashi.

"Fungua basi, tuone ndani," akasema daktari.

Angeweza kusema ni njema tu, mdogo wake akapona. Angeweza kusema leo macho yanauma. Na tuseme kweli, maana mwenyewe angeisema: upande mmoja wa moyo wake uliomba akute uozo humo ndani. Akikuta uozo, basi siku ile kwa shangazi alikuwa na haki, na kimya cha miaka miwili si kosa lake. Akavaa lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma.

"Nilisema!" Aliruka karibu aanguke. "Mashine hii ninayo droo nzima! Bei yake haifiki hata tairi la mbele la hiyo pikipiki yako."

Uso wa daktari ukashuka. "Kwa hiyo ni wizi."

"Ngoja. Sijamaliza."

Akaiweka saa kwenye kile kifaa kinachosikiliza mlio wake na kusema inakimbia au inachelewa kiasi gani. Uso juu: inakimbia sekunde tatu kwa siku. Akaigeuza uso chini: tatu. Akailaza ubavu: tatu. Akakipiga kifaa kibao, maana hakukiamini. Akarudia. Tatu, tatu, tatu.

Mama Lenzi akaiangalia saa upya. Mashine ile ilikuwa kaidi, yeye ndiye shahidi. Ikilala hivi inakimbia, ikisimama inachelewa, sekunde thelathini, arobaini. Katika miaka yake ishirini na sita ya ufundi hakuwahi kuishusha chini ya kumi kila upande. Ili ifike tatu lazima mtu aifungue, aguse kidogo kuliko kidogo, afunge, alale, kesho atazame tena. Wiki hadi wiki. Na huyo mtu ndiye Kasorobo, ambaye dada mtu alimwambia, kwenye meza hii hii, kijana ana miaka kumi na sita na amevunja springi ya kwanza: "Wewe una mkono mzito, kafanye kazi nyingine." Naye akaenda. Mdomo wangu huu, aliwaza Mama Lenzi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akageuza mfuniko apate pa kutazama. Sasa mafundi saa wana desturi yao: kila anayefungua saa hukwaruza alama yake ndogo ndani ya mfuniko, ili anayekuja baadaye ajue nani alimtangulia. Makampuni hayaachi nafasi kwa ajili hiyo, kila fundi anajibanza anapopata. Kasorobo alikuwa amechora humo visanduku kumi na viwili, vidogo, vimenyooka, vinasubiri mafundi ambao hata hawajazaliwa. Kisanduku cha pili kilikuwa na alama yake: nukta na mstari, ile ya baba yao, ila imepinduliwa. Cha kwanza kilikuwa kitupu.

"Mama, vipi?" daktari akauliza. "Wewe ukinyamaza mtu anaogopa."

"Sikiliza, daktari. Mashine ni ya kawaida. Kasha ni la kununua. Mkanda huu hata jirani yangu wa viatu angekushonea bora. Kama unanunua vyuma, umepigwa. Lakini kuna mtu amekaa na hii saa mwezi mzima, hii moja, mpaka ikamtii. Kazi hiyo mimi siiwezi." Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwake. "Kampuni kubwa haikupi mtu wa kukaa mwezi na saa yako, na ikikupa, utauza nyumba. Kwa hiyo pikipiki si wizi. Ila nina mawili. La kwanza, mshale wa saa umekaa pembeni kwa unywele mmoja. Ikifika sita kamili, hausimami juu ya sita. Hilo ni kosa. La pili, aliyeitengeneza ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa hiyo haya niliyosema usiyategemee. Tafuta fundi mwingine."

Daktari alimkodolea macho. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama! Mtu anayetangaza mtaa mzima kwamba wenye kampuni hizi ni wezi, leo anasema kazi ya mmoja wao yeye haiwezi, halafu mimi niende kwa fundi gani tena? Nachukua zote tisa. Ila na wewe niwekee alama yako humo kwanza."

"Siweki. Baba alisema alama ni kiapo. Kwenye kazi yenye kosa siapi."

Akachukua simu. Namba hakuitafuta, aliijua kwa kichwa. Iliita mara moja tu.

"Dada?" Kasorobo aliuliza haraka. "Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Nina saa yako hapa mezani. Mshale wa saa umekaa pembeni."

"Daktari ameileta kwako," akasema Kasorobo, na sauti yake ilikuwa tayari imeshafika kwenye duka la vigae.

"Ameileta. Nimeifungua. Anachukua zote tisa."

Daktari akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote, kana kwamba simu ingemwona. Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu.

"Na kwa nini umeruka kisanduku cha kwanza?" Mama Lenzi akauliza.

"Sijakiruka, dada. Cha kwanza ni cha mkubwa."

"Kwenye hii tu?"

"Zote. Kumi na saba mpaka sasa. Nilijua ipo siku moja itaharibika, na mwenyewe ataileta kwako. Kwani kuna pengine pa kuipeleka?"

Mama Lenzi akavua lenzi, kwa kuwa ilikuwa imelowa na haimsaidii kitu.

"Yale niliyokuambia siku ile mbele za watu," akaanza.

"Dada, yaache tu..."

"Usinikatize! Sijazoea, nikisimama sitaweza kuendelea tena. Nilikosea. Na mkono wako si mzito, hilo nalo nilikosea, zamani zaidi. Nisamehe. Sasa njoo urekebishe mshale wako, niweke alama yangu."

"Si urekebishe wewe? Kazi ya dakika mbili."

"Siingizi mkono kwenye kazi ya mtu. Njoo. Kiti chako kipo."

"Nusu saa nitakuwa hapo."

"Nusu saa yako naijua," akasema dada mtu, akakata.

Kiti, kusema kweli, kilikuwa na mkoba. Akauondoa, akautundika kwenye msumari. Akatazama vumbi la miaka miwili lililopazunguka mahali mkoba ulipokaa, akachukua kitambaa chake cha lenzi, kile ambacho hakumruhusu mtu hata kukigusa, akakifuta kiti mpaka kwenye miguu. Daktari alikuwa na wagonjwa watatu wanaomsubiri juu, lakini alikataa katakata kuondoka. Alisema meno hayakimbii.

Siku hiyo Kasorobo aliwahi. Alifika baada ya dakika kumi, anahema, kamba ya kiatu kimoja haijafungwa, akasimama mlangoni akikitazama kile kiti. Mama Lenzi alifungua mdomo aseme neno, lakini ulimi wake, siku hiyo moja, haukuwa na la kusema. Akampa kibano.