Bega la Sita

Sabine aliponiachia ile kazi yake ya kumtunza mzee huko Don Mills, ughaibuni tulikokuwa tukiishi, aliniambia mambo mawili tu: mzee anapenda chai nyeusi kama lami, na jioni mlango ukigongwa, nisiitikie. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa baada ya misa, Novemba ya mwaka 1995, mikono imezama mifukoni.

"Anagonga nani?"

"Sikuuliza, dada. Sisi Bujumbura tumejifunza. Jioni ukisikia hodi, unazuia hata pumzi."

"Na ndicho kinachokuondoa?"

"Kinachoniondoa ni kwamba nimepata kazi kiwandani." Akatazama pembeni. "Na hicho pia."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa Kamachumu, mkoa wa Kagera. Kwetu hodi haijawahi kumzuia mtu pumzi. Mtu anabisha, unamkaribisha hata hujainua kichwa, kisha ndiyo unageuka kuona ni nani.

Mzee mwenyewe aliitwa Philip. Alikuwa na miaka themanini na moja, na kwa miaka ishirini alikuwa diwani wa mji mdogo magharibi ya Ireland. Sasa aliishi na binti yake Nuala, aliyetoka kwenda ofisini saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nilipanda treni na mabasi mawili kutoka mtaa wa Jane na Finch, upande mwingine wa jiji, tulikopanga na mume wangu Valerian aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha mzee, kumlisha, kumpa dawa na kukaa naye.

"Philomena," alirudia jina langu siku ya kwanza. "Mimi Phil, wewe Phil. Tukimpata wa tatu tunasajili chama."

"Na wewe ndiye utakayekihama kwanza," Nuala alisema akivaa glavu zake mlangoni.

Mzee hakucheka. Nuala naye akaonekana kujuta, akatoka haraka.

Siasa ndiyo iliyotuunganisha. Kwetu tulikuwa tumetoka kupiga kura za vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na mzee alitaka kujua kila kitu: foleni zilikuwaje, masanduku yalilindwa na nani. Nilipomwambia baba yangu naye ni diwani, alikaa wima kwenye kiti.

"Chama gani?"

"Alihama, mwaka juzi."

Kikombe kilisimama njiani, kati ya meza na mdomo. "Na wanamsalimia?"

"Kwa nini wasimsalimie?"

Alikirudisha kikombe mezani bila kunywa.

Siku tisa zilipita kimya. Siku ya kumi, yapata saa kumi na moja, mwanga wa nje umeshakuwa wa kijivu, nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Mlango uligongwa mara tatu, polepole, kama anavyogonga mtu mwenye adabu aliyetoka mbali. Mikono ilikuwa kwenye unga, akili ilikuwa kwenye chumvi, na mdomo ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni.

"Karibu!"

Mlango haukufunguka. Niliusikiliza mnyororo wa chuma unaofunga mlango, haukulia. Lakini baridi iliingia na kunipita miguuni kuelekea sebuleni, na nyuma yake ikaja harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa kuni wala wa mkaa. Ulikuwa mzito, wenye uchachu, kama shamba lililoungua baada ya mvua.

Nilikimbilia sebuleni. Mzee Philip alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu zote alizobakiza.

"Umesema nini?"

"Nimesema karibu, mzee. Samahani, imenitoka. Kwa lugha yetu ni kumwambia aingie."

"Miaka ishirini na mitatu," alisema taratibu, "sijawahi kumwambia mtu yeyote aingie."

Alikuwa akitazama zulia, upande wa kulia wa kiti chake. Nami nikatazama. Manyoya ya zulia yalikuwa yamelala chini kwa umbo la nyayo mbili, za viatu vikubwa vyenye misumari. Maji yalikuwa yakijikusanya ndani ya nyayo zile. Nilichungulia dirishani. Theluji ya kwenye ngazi ilikuwa imelala nzima, haina alama hata ya ndege.

"Huyo ni fundi viatu," mzee alisema. "Yeye alinishika mguu wa kulia, mbele."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Nilitaka kukimbia, nakiri, lakini kumwacha mzee peke yake na mgeni niliyemkaribisha mimi lingekuwa jambo la aibu. Ndipo aliponisimulia.

Mwaka 1950 aligombea udiwani kwa chama cha baba yake. Kura zilihesabiwa mahakamani siku mbili, na alipotangazwa mshindi wanaume sita walimwinua mabegani, wakambeba kutoka mahakamani hadi darajani, mji mzima ukiimba. Mvua ilikuwa ikinyesha, na makoti yao ya sufu yalinuka moshi wa udongo wa kinamasi unaochomwa kwao. Walipomshusha, fundi viatu alisema: "Tutakubeba mara moja tu nyingine, Philip, na siku hiyo utakuwa umelala." Wakacheka wote.

Miezi mitatu baadaye halmashauri ilichagua mwenyekiti. Upande wao ulikuwa na watu kumi na wawili, upande wa pili kumi na mmoja. Philip aliinua mkono na upande wa pili. Na mwenyekiti aliyepatikana alikuwa yeye.

"Nilileta maji ya bomba," alisema. "Nilileta zahanati. Kwa chama cha baba ningekaa kiti cha nyuma nikipiga makofi hadi leo. Waulize, maji yale hawakunywa?"

"Na baadaye?"

"Baadaye nikahama tena. Ukishazoea, ni kama kubadili kiti basini. Nilipohama mara ya tatu nikashindwa uchaguzi."

Kwao, aliniambia, diwani hakosi msiba. Anakwenda mazishi yote, ya marafiki na ya maadui, na jeneza likitolewa kanisani anaweka bega lake. Watu hubeba wawili wawili, mkono wa huyu juu ya bega la yule ili hatua zilingane. Tangu alipohama, kila alipoweka bega lake, mtu wa upande wa pili wa jeneza alitoka. Hakusema kitu, alitoka tu, na Philip akabaki amekumbatia hewa. Kisha akafa mkewe. Mji mzima ulijaa kanisani, ukasali, ukampa mkono. Ulipofika wakati wa kubeba, hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi.

"Mke wangu alibebwa na watu wa kukodi," mzee alisema. "Mwezi uliofuata nikamfuata Nuala huku. Tangu hapo, kila Novemba wanagonga. Najua walichokuja kunionyesha. Wamekuja kunionyesha migongo yao."

Nuala aliporudi alikuta zulia limelowa, akaniuliza kama baba yake amemwaga chai. Nilisema ndiyo.

Usiniulize kwa nini nilirudi kesho yake. Valerian aliniuliza, nikamwambia kazi ni kazi. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Jioni ya pili nilifunga mdomo kwa kitambaa cha jikoni, nikakiuma. Mlango uligongwa mara tatu. Sikuitikia, na wakaingia vilevile. Kumbe neno moja lilikuwa limetosha kwa wote. Nyayo za pili zilisimama upande wa kushoto wa kiti. "Mchinjaji," mzee alinong'ona. Jioni ya tatu akaja mwalimu, ya nne mtu aliyekuwa akifuga farasi, ya tano mchimba makaburi. Walisimama wawili mbele, wawili ubavuni, mmoja nyuma kulia, na kiti cha mzee katikati, na maji yakichuruzika kutoka kwenye makoti nisiyoyaona. Mara moja nilipita kati ya wawili kumpelekea dawa, na mkono wangu uligusa sufu iliyolowa.

Nafasi ya nyuma, kushoto, ilibaki tupu. Jioni ya sita hakuna aliyegonga.

"Wa sita yuko wapi?" niliuliza.

"Owen? Owen hawezi kuja." Kwa mara ya kwanza niliona mzee akitaka kucheka. "Bado mzima. Ana miaka tisini na mbili. Nilimwandikia barua kumi na nne, hajajibu hata moja. Amekataa kufa na amekataa kunisamehe, mkaidi yule."

Nilikuwa nikiwatazama wale watano, yaani nikitazama zulia, na jambo moja lilikuwa likinisumbua. Nyayo zote zilikuwa zimeelekea kwake. Watu waliokuja kuonyesha migongo hawasimami hivyo. Hivyo husimama mtu anayesubiri apewe kitu.

"Mzee," nikasema, "ulipohama, kadi ulimrudishia nani?"

"Kadi gani?"

"Kadi ya chama. Baba yangu alipohama aliitisha mkutano. Alisimama mbele ya wale aliokuwa nao miaka yote, akaitoa kadi mfukoni, akaiweka mezani mbele ya katibu wa tawi. Walimzomea. Mmoja alimtupia ganda la ndizi. Lakini bibi alipofariki wiki ya pili yake, ndio hao hao waliochimba kaburi. Kwenu hamrudishi?"

"Kwetu unabadili kiti tu."

"Basi uliondoka na kitu cha watu."

Alinikodolea macho. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinyoosha kidole kuelekea kabati, kwenye kopo la zamani la kakao. Ndani, chini ya vifungo na rozari ya mkewe, ilikuwepo kadi ya rangi ya majani, imekunjwa mara mbili, ya mwaka 1950.

"Sikuweza kuichoma," alisema. "Ina mwandiko wa baba yangu."

"Irudishe."

"Nikiirudisha nimekubali kwamba nilikosea. Sikukosea. Yale maji..."

"Hakuna anayeuliza maji, mzee. Baba yangu hakusema amekosea. Alisema, hii ni yenu, mimi naondoka, mnione nikiondoka."

Nje, taa za magari zilikuwa zikiteleza juu ya theluji, kila mtu akirudi kwake. Kisha aliniomba nimsimamishe. Tangu nianze kazi pale hakuwa amesimama bila kulalamika. Safari hii alisimama kimya, uzito wake wote mkononi mwangu. Aliinua kadi, akataja jina lake kamili na jina la baba yake. Akasema, "Niliondoka kwenu bila kuaga. Naaga sasa." Akaiweka kwenye meza ndogo.

Hakuna kilichotokea. Jiko lilikuwa likivuma. Nilimketisha, nikamfunika blanketi, na nilipogeuka meza ilikuwa tupu. Palibaki doa la maji na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya udongo.

Mzee Philip alifariki Jumamosi ya wiki ile, mchana, Nuala akiwa amemshika mkono.

Kwenye mazishi tulikuwa watu kumi na mmoja, nikimhesabu padri. Sabine alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Nuala alikuwa amekodi kampuni ya mazishi, na kampuni ilileta wanaume wanne na kitoroli cha magurudumu.

"Alitaka mabega," nilimnong'oneza Nuala.

"Najua alichotaka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mabega ya nani, Philomena? Baba hakuwa na watu."

Walilisukuma jeneza hadi kwenye kizingiti cha kanisa. Ngazi zilikuwa na barafu. Gurudumu moja la mbele liliingia kwenye ufa likanasa, na wanaume wanne wakaanza kubishana, huyu akisema wavute, yule akisema waongezwe watu. Jeneza lilibaki pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, theluji ikilidondokea.

Ndipo nikaisikia ile harufu ya moshi.

Kwetu mwanamke habebi jeneza. Mama yangu angenitazama akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Lakini nilijua ni nafasi gani iliyo tupu, na niliijua kwa sababu wale wengine niliwakaribisha mimi. Nilikwenda nyuma, kushoto. Niliinama, nikaweka bega langu chini ya mbao.

"Mama, subiri," mmoja wa wale wanne alisema, "hatujashika bado, utaumia."

Jeneza lilinyanyuka.

Lilinyanyuka sawasawa pande zote, kwa pamoja, kama linavyonyanyuliwa na watu waliowahi kufanya kazi hiyo hiyo pamoja. Wanaume wanne wa kampuni walirudi nyuma wameinua mikono, na mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Nuala alitamka neno la Kiairishi ambalo hakuwahi kunitafsiria. Sabine hakuwa tena kwenye benchi lake.

Begani kwangu kulikuwa na uzito, si mdogo, ni sehemu moja ya sita hasa, ile aliyoikataa Owen. Nilishuka ngazi ya kwanza. Miguu mingine ilishuka pamoja nami juu ya barafu, na nilisikia misumari ikikwaruza. Kwenye ngazi ya pili nilianza kuyumba.

Mkono ulitua begani kwangu kutoka upande wa pili wa jeneza. Ulikuwa mzito, umelowa, una baridi ya udongo, na ulinishika vizuri ili hatua zetu zilingane.

Nami nikapeleka mkono wangu juu ya bega la mchimba makaburi, nikaikamata sufu iliyolowa, tukaendelea kushuka.