Dakika Kumi za Mnanaa wa Paka

Saa kumi alasiri fundi cherehani aliweka mkasi pembeni, akachuma majani matatu ya mnanaa wa paka kwenye kopo la dirishani, akayafikicha kwa vidole. Majani mengine aliyakausha kivulini, kwa kuwa jua huyamaliza harufu, akayashonea ndani ya vitambaa vilivyobaki. Paka wake wa kijivu alinusa, akasugua shavu, akabingirika sakafuni huku akidondokwa na udenda. Kisha akazungumza kwa sauti ya marehemu mume wa fundi.

"Bado unakaa umepinda mgongo hivyo, mke wangu?"

"Nikinyooka, nani atatunga uzi? Wewe?"

Hali hiyo ilidumu dakika kumi, kisha majani hayakumfaa tena mpaka zipite saa mbili. Paka wa jirani alinusa akaenda zake. Wapo wasioguswa na mmea huu.

Mume alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda cha sabuni. Boila lilipasuka, akafa. Barua ya kiwanda ilitaja sababu kwa neno moja: uzembe. Fundi alitaka neno hilo tu lifutwe.

"Niliandika mara tatu kwamba vali ya kutolea mvuke imeziba," alisema paka. "Daftari liko kabatini kwa meneja, rafu ya chini."

Kesho yake fundi alimtia paka kikapuni, akaenda kiwandani. Kosa lake, aliyafikicha majani mapema, akiwa bado getini. Mlinzi alitafuta kalamu ya kumwandikisha mgeni wa pili, na mume akazimaliza dakika zake akimuuliza mlinzi habari za watoto wake. Fundi alikaa kwenye benchi saa mbili.

Kisha akafikicha majani mapya ofisini kwa meneja, naye meneja akamsikiliza paka mpaka mwisho.

"Ndiye hasa," alisema. "Hata kikohozi ni chake. Pole na safari, mzee."

Alifungua kabati, akatoa daftari, akalipangusa vumbi, akasoma kurasa tatu.

"Mwandiko safi. Lakini barua imeshapigwa muhuri, mama. Fomu ya kubadili sababu inataka sahihi ya mfanyakazi mwenyewe, na huyu ana kucha tu."

Alirudisha daftari rafu ya chini, akafunga kwa ufunguo, akawasindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Wiki iliyofuata paka alibingirika, akatulia mapajani mwa fundi.

"Wamelifuta lile neno?"

"Bado."

"Basi tuliache leo. Unashona nini?"

"Sare ya kiwanda. Ya mwangalizi mpya wa boila."

"Vali wameibadilisha?"

"Hawajaibadilisha."

Fundi alimkuna nyuma ya sikio.

"Mwekee mfuko kwa ndani," alisema mume. "Mkubwa. Daftari lake atembee nalo."

Fundi alifumua mshono wa ubavuni, akakata kitambaa, akapima upana wa daftari kwa kiganja.

"Ongeza kidogo," alisema paka.

Akaongeza.