Jedwali la Saba, Chumba cha Juu

Msumari wa kwanza ulianguka mezani pangu asubuhi, nilipokuwa nikiwasikiliza watoto wazito wa kusoma. Haukuanguka kwa kishindo. Ulidunda mara moja, ukabingirika, ukatulia kando ya chaki. Ulikuwa wa kale, umeliwa na kutu hadi kichwani. Niliinua macho. Dari ilikuwa nyeupe pe, imepakwa rangi likizo iliyopita, haina hata doa. Juu ya dari ile darasa la tatu lilikuwa likihesabu kwa sauti moja, na kila hesabu ilipogawanyika kwa saba, watoto wote waliruka.

"Kumi na nne!" Ndu!

"Ishirini na moja!" Ndu!

Vumbi jembamba likashuka juu ya vitabu. Msichana mmoja miongoni mwa wasomaji wangu, tuliyemwita Kasuku kwa domo lake, alilipuliza na kusema, "Babu, juu wanatwanga nini?"

"Soma," nikamwambia. Lakini mwenyewe sikusikia tena alichosoma.

Mwalimu aliyekuwa akiwarusha watoto wale ni mjukuu wangu. Nilimlea mimi, akasomea ualimu, akapangiwa shule ileile niliyofundisha hadi nikastaafu, na ambako hadi leo mimi huenda kila asubuhi kuwasaidia walioachwa nyuma na wenzao. Siku alipoingia lango lile na chaki yake mkononi, nilitembea nyuma yake kifua mbele kama mtu aliyevishwa nishani. Fahari hiyo haikunizuia kuichukia njia yake. Kwake, herufi huandikwa hewani kwa mikono, silabi hupigiwa makofi, na jedwali la kuzidisha huchezwa kwa miguu. Nilisimama katika mkutano wa wazazi nikatamka kwamba darasa si uwanja wa mpira, nao wakanipigia makofi. Yeye alikuwa ameketi safu ya mbele.

Ndiyo maana, nilipouchukua msumari ule hadi ofisini, nilikuwa nimeshashindwa kabla sijafungua kinywa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mwalimu mkuu, ambaye niliwahi kumfundisha kuandika jina lake.

"Marahaba. Sakafu ya juu inalegea."

Aliugeuzageuza msumari, akatabasamu kama mtu anayesimuliwa na mzee habari za kiuno. "Mwalimu wangu, jengo kongwe halikosi kutema msumari."

"Linautema kwa sababu linarukiwa."

"Ahaa! Kumbe bado ni vita yako na mjukuu wako." Akanirudishia msumari. "Mwache binti afanye kazi. Kesho mkaguzi anakuja kumtazama. Akiridhika, anathibitishwa. Asiporidhika, mkataba wake unaishia hapo. Unataka leo hii nimkataze kuruka?"

"Mhamishe chini."

"Nimpeleke wapi, Mwalimu? Chooni? Fundi atakuja wiki ijayo, nitamwambia agongegonge." Akainama kwenye karatasi zake, nami nikajua nimeshaagwa.

Jioni nilimkuta mjukuu wangu mezani, akikata namba kutoka kwenye makaratasi ya boksi.

"Mama," nilimwita, kama nilivyomzoesha tangu utotoni, "kesho fundishia uwanjani."

Hakuinua kichwa. "Babu, usianze."

"Sianzi. Sakafu ile..."

"Juzi ilikuwa kelele. Wiki iliyopita ilikuwa nidhamu. Leo sakafu. Kesho itakuwa mvua." Mkasi ukalia kwa nguvu zaidi. "Nikiwatoa nje, mkaguzi ataandika kwamba nimewachezesha. Yeye anataka kuona somo, ndani ya darasa, ubao nyuma yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu nzima, Babu. Kuruka ni somo, si mapumziko." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Au unaogopa watanipenda kuliko walivyokupenda wewe?"

"Mimi hawakunipenda. Waliniheshimu."

"Walikuogopa. Hata mimi nilikuogopa."

Akakusanya namba zake akaingia chumbani.

Nilibaki mezani na vipande vya karatasi. Nikajaribu kukikumbuka chumba cha juu kama kilivyokuwa enzi zangu. Watoto walipanda mmoja mmoja. Walitembea kandokando ya ukuta, kamwe si katikati. Walikaa wamekunja mikono, na aliyetaka kujibu alisimama peke yake. Chini, kinyume chake, tuliwaruhusu wasimame darasa zima na kukariri kwa pamoja. Amri ile niliipokea kutoka kwa mwalimu mkuu aliyenipokea mimi, nikawakabidhi walimu wadogo kwa jina la nidhamu, na kwa miaka yote ile haikunijia kuuliza kwa nini nidhamu iwe kali juu kuliko chini. Sasa niliuliza, na jibu likaja. Ile haikuwa nidhamu. Ilikuwa tahadhari ya seremala, iliyosahauliwa sababu yake ikabaki amri tupu. Mjukuu wangu alikuwa ameivunja bila kujua kwamba iko, nami nilikuwa nimeitetea bila kujua ni ya nini.

Asubuhi iliyofuata niliwatoa wasomaji wangu nje hadi barazani, nikasimama mlangoni pa chumba changu kitupu. Nilisikia madawati yakiburutwa juu, yote kuelekea upande mmoja, ili katikati pabaki peupe. Nilisikia viatu vizito vya mtu mzima, kisha vingine. Halafu hesabu ikaanza, na sauti za watoto zilikuwa tamu, zimejaa hamu ya kumpendeza mgeni.

"Saba!" Ndu!

Rangi nyeupe ilipasuka. Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kumi na nne!" Ndu!

Mstari ukafunguka. Misumari ikaanza kunyesha juu ya meza, na katikati ya ukimya wa chumba kile nikasikia mbao zikisema. Sina neno jingine. Ilikuwa sauti nzito, ndefu, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.

Nilipanda ngazi kwa kasi ambayo goti langu halikuwa limeniruhusu kwa miaka. Njiani kishindo cha ishirini na moja kilinikuta, kisha cha ishirini na nane, na ngazi ikatetemeka chini ya unyayo wangu. Nilipoufungua mlango, watoto walikuwa wamesimama duara, magoti yamekunjwa tayari, nyuso zinang'aa. Mkaguzi, pande la mtu, alikuwa ameegemea madawati pamoja na mwalimu mkuu. Mjukuu wangu alikuwa katikati ya duara.

"Thelathini na mbili," walihesabu. "Thelathini na tatu."

Nikipiga kelele, wataukimbilia mlango wote kwa pamoja, na mlango ulikuwa mmoja. Nikimweleza mwalimu wao, hataniamini. Nikinyamaza, wataruka.

"Thelathini na nne."

Niliinua kiganja. Wote walinijua, walinipachika jina la Babu Kimya. Hesabu ikakatika palepale, na miguu ikabaki sakafuni.

"Mwalimu," nikamwambia mjukuu wangu, "niazime darasa lako."

Midomo yake ilitamka bila sauti: Babu, tafadhali.

"Somo linaendelea," nikawaambia watoto. "Ila sasa saba haturuki. Saba tunainyatia." Nikainama nikavua viatu. Sijawahi kuvua viatu mbele ya darasa maishani mwangu. "Kama paka aliyeiba nyama. Mmoja mmoja, kandokando ya ukuta, hatua saba hadi mlangoni, kisha ngazi, kisha uwanjani. Nikisikia unyayo wa mtu, ameshindwa."

"Soksi yake ina tundu!" mmoja akanong'ona, na kicheko kikapita kwenye duara. Nikakiacha kipite.

Wa kwanza akanyata, mabega juu, vidole vimekunjwa kama makucha. Nilihesabu naye moyoni. Wa pili. Wa tatu. Kila hatua niliisikia ndani ya meno yangu. Mtoto mmoja mnene, waliyemwita Tembo, alisimama katikati ya safari.

"Babu, ya saba nikiruka je?"

"Ukiruka, paka wote wanafukuzwa jikoni."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri. Kisha akaendelea kunyata, ulimi nje.

"Huyu ni nani?" mkaguzi akauliza nyuma yangu.

"Mwalimu wetu mstaafu," mwalimu mkuu akajibu kwa haya. "Ni... ni babu yake."

"Naona."

"Bwana Mkaguzi," nikasema bila kugeuka, "baada ya watoto, na wewe. Kandokando ya ukuta, kwa hisani yako."

Akacheka, akajitenga na madawati, akapiga hatua moja kuja kwangu. Sakafu ikatoa ile sauti. Kicheko kikafia mdomoni mwake. Watoto walipokwisha, aliufuata ukuta huku ameshika viatu mkononi, na mwalimu mkuu akamfuata akiwa amefumba macho nusu.

Alibaki mjukuu wangu. Machozi ya hasira yalikuwa yamemjaa. "Umenimaliza, Babu," alisema. "Mbele ya mkaguzi. Huwezi kukubali mimi nifanye kitu kwa njia yangu?"

"Tazama miguuni pako, mama."

Akatazama. Zulia la plastiki pale aliposimama lilikuwa limebonyea kama beseni, na penseli moja ilikuwa ikibingirika taratibu kumfuata. Uso wake ukabadilika, akawa tena yule mtoto niliyemtoa mtaroni siku moja akiwa na matope hadi kiunoni. Hakusogea. Nilitamani kumkimbilia, na nilijua kwamba uzito wangu ndio utakaommaliza.

"Siwezi," akanong'ona.

"Unaweza. Hatua saba. Hesabu kwa sauti, nisikie."

"Moja," alisema. Mbao zikajibu. "Mbili." Alinyata kama walivyonyata wanafunzi wake, mikono imetanuliwa, hadi vidole vyake vikaligusa shati langu, nami nikamvuta mlangoni kwa nguvu iliyomwacha na alama mkononi.

Chini, hakuna aliyethubutu kuingia chumbani mwangu. Tulichungulia kutoka mlangoni. Dari ilikuwa imening'inia kama tumbo. Ubao mmoja ulikuwa umeanguka juu ya benchi la wasomaji wangu, na kwenye tundu lake tuliiona boriti kubwa imepasuka kwa urefu, nyeupe kwa ndani kama mfupa.

"Fundi..." mwalimu mkuu alianza.

Mkaguzi alivaa viatu vyake kwenye ngazi ya baraza, polepole, kamba moja baada ya nyingine. Alipomaliza alimtazama mjukuu wangu.

"Mwalimu, umeishia thelathini na nne," alisema. "Mimi nilikuja kuona jedwali zima. Liwe darasani, liwe uwanjani, kwangu ni somo."

Mjukuu wangu alijipangusa macho, akaacha alama ya chaki shavuni, akaenda katikati ya uwanja, akachora duara kwa kisigino. Watoto walilizunguka mbio. Wale wangu wa barazani walijipenyeza bila kuomba ruhusa, sikuwazuia.

"Thelathini na tano!"

Waliruka. Ardhi haikusema kitu, lakini mwili wangu wote ulikakamaa, nikajikuta nimekishika kichwa kwa mikono miwili.

Kasuku aliniona. "Babu Kimya, unaogopa saba?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Naogopa."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akajibana akanipa nafasi ndani ya duara. Mjukuu wangu, bila kukatiza hesabu, alinyoosha mkono akaushika wangu. Hakuuachia hadi sabini.