Orodha ya Vitu vya Mama

Nilirudi kutoka kununua uzi nikakuta alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, cherehani yenyewe haipo. Juu ya meza ninayokatia nguo palikuwa na ufunguo wa gari na kikaratasi cha kaka yangu: "Mdogo wangu, nimewahi ndege. Gari lifike yadini leo, kesho linapakiwa melini. Nimeshapanga kila kitu."

Alikuwa amepanga kweli. Gari lilikuwa uani, na cherehani imekaa kiti cha nyuma, imeviringishwa blanketi la mama na kufungwa mkanda kama abiria. Mama mwenyewe hakuwahi kufungwa mkanda kwenye gari lolote la kaka. Chini ya kiti kulikuwa na redio ya mama na masufuria yake mazuri.

Damu ilinichemka. Miaka sita mama alilala nusu mwili umepooza, na mimi nikashona sare za shule chumba cha pili huku nimemtegea sikio. Kaka alikuwa ng'ambo, anapiga simu kila sikukuu. Alikuja mazishini akalia vizuri sana, kisha akanunua gari la kuondoka nalo. Cherehani nilipewa na mama, kaka akisikia kwenye simu, na anajua ndiyo inayonilisha. Wiki iliyopita aliniambia, "Wewe utapata nyingine. Mimi nataka ukumbusho wa mama." Nilidhani ananitania.

Nikaitoa kwa mikono yangu, na redio na masufuria pia, nikaendesha gari mpaka yadini. Karani wa pale, mama mmoja mwenye kalamu kwenye nywele, aliisoma fomu ambayo kaka aliiacha garini, akaguna.

"'Vitu vya mama.' Vitu vya mama ndiyo nini, dada? Hapa kila kitu kinaandikwa kwa jina lake."

"Sikuandika mimi. Ni kaka yangu."

"Lakini jina la mtumaji ni lako."

Nikatazama. Kweli, aliniandika mimi, ili yeye asipange foleni. "Kwa hiyo naweza kupunguza? Kuongeza?"

"Utakavyo, mradi uandike na kusaini. Ukimaliza tunafunga milango kwa lakiri. Kule mwenye gari atasomewa orodha kwa sauti, kimoja kimoja, na kila kimoja ajibu 'changu'. Asipojibu, ufunguo hapewi."

"Anasomewa mbele za watu?"

"Pale dirishani, mbele ya foleni nzima."

"Mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi. Mbona unacheka?"

Nilirudi nyumbani mbio na gari lile lile. Stoo nilikuwa nimeweka vitu ambavyo sikuwa na moyo wa kuvitupa. Nikaviosha vyote, maana mimi si mchafu, nikavipanga garini nikiwa na furaha mbaya ambayo sijutii. Kabla ya saa kumi nilikuwa yadini tena, na kwenye orodha niliandika kwa mwandiko wa kusomeka: beseni la kujisaidia kitandani, moja. Plastiki za kutandika chini ya mgonjwa, nne. Kikombe chenye mdomo wa kunyweshea, kimoja. Mto wa kuzuia vidonda vya mgongo, mmoja. Kadi za kliniki, sabini na mbili. Kengele ya mkononi, moja. Beseni nililiviringisha blanketi lile lile, nikalifunga mkanda.

Baada ya mwezi mmoja simu ililia nikiwa katikati ya kushona pindo.

"Umenidhalilisha!" Kaka alikuwa akihema. "Nimekuja na mke wangu na baba mkwe kuona gari! Yule mtu anasoma 'beseni la kujisaidia', watu wanageuka, ananiuliza mara mbili, ni lako?"

"Ukamjibuje?"

"Nikasema changu."

"Na kadi za kliniki?"

"Changu. Nimesema vyote changu, umeridhika? Roho mbaya we!"

"Ulitaka ukumbusho, kaka. Huo ndio niliokuwa nao."

Nilingoja akate simu. Hakukata. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, na makelele ya watu yakawa mbali.

"Hii kengele ni ya nini?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulimi wa mama ulipozidi kuwa mzito aliitikisa hiyo, akitaka maji, akitaka kugeuzwa. Nikiingia, ananiangalia, halafu anaangalia mlangoni nyuma yangu, kama na wewe umekuja. Miaka sita, kaka. Kila ikilia."

Kisha kengele ikalia kwenye simu, mara moja, labda aliigusa tu akiiweka chini. Nilikuwa nimeshasimama, kiti kimeanguka nyuma yangu, nusu ya njia kuelekea chumba cha mama, kabla sijakumbuka kwamba safari hii imelia kwake.